Jinsi ya kuipima habari ya kinu kidogo cha nyuklia

Anza na megawati: ni za umeme au za joto? Sisi mafundi umeme hatununui jenereta bila kusoma kibao chake, kwa hiyo neno "kidogo" peke yake halinitoshi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) huweka kikomo cha megawati 300 za umeme kwa kinu kimoja ili kiitwe kidogo.

Halafu uliza kama kinazalisha au bado ni mchoro. Vinavyozalisha ni vichache mno. Urusi ina Akademik Lomonosov, tishari lenye vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja, linaloupa umeme mji wa Pevek.

Kwenye bei usiharakishe. Mradi wa kampuni ya NuScale uliokusudiwa kujengwa Idaho, Marekani, ulitajwa kwa dola 58 kwa megawati-saa. Mapema 2023 bei ikafika 89, tena ruzuku ya serikali imeshahesabiwa! Novemba mwaka huohuo ukafutwa. Kwa hiyo bei isomwe pamoja na tarehe yake.

Angalia na fueli. Miundo kadhaa hutaka urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa kiwango cha urani-235 inayowaka kinuni, zaidi ya asilimia 5 hadi karibu 20, na wauzaji wake wanahesabika. Tangazo lisilosema itatoka wapi, mimi hulifunga hapohapo.