"Consensus" haina undugu na sensa
Ukiandika muhtasari wa kikao kwa Kiingereza, chunga neno "consensus", yaani makubaliano ya pamoja. Wengi huandika "concensus", kwa c katikati, wakidhani limetokana na "census", ile sensa ya kuhesabu watu. Wapi! Ndugu yake ni "consent", yaani ridhaa. Yote mawili yametoka kwenye kitenzi cha Kilatini consentire, kuhisi pamoja, kukubaliana. Ukikumbuka "consent", s itakaa yenyewe.

Lingine, ambalo hata mimi nilichelewa kuliacha, ni "general consensus of opinion". Consensus tayari ni maoni ya pamoja, kwa hiyo hapo umesema jambo lile lile mara tatu, kama mtu anayesema "rudia tena upya". Andika tu "The consensus was that the fee should stay at 5,000 shillings". "General consensus" utaikuta hata kwa waandishi wazuri, sigombani na mtu. Hiyo "of opinion" ndiyo ifute.

Ila kura zikiwa 7 kwa 5, usiite consensus. Andika "the majority". Wale watano wakiusoma muhtasari wako watakuja juu, na haki watakuwa nayo.