Jinsi ya kuisoma bodi ya king'amuzi cha miaka ya 90 na kuijua prosesa yake

Wakuu, kama umepata king'amuzi cha enzi zile za majaribio ya TV intaraktivu, zile ambazo mtazamaji anachagua sinema kwa rimoti na ombi linarudi kwa mtoa huduma, usianze kwa kuuliza kina megahezi ngapi. Namba hiyo peke yake inapotosha sana. Prosesa kuu kazi yake ilikuwa menyu, rimoti na mawasiliano, picha yenyewe ilifunguliwa na chipu nyingine kabisa, kwa hiyo ukitaka kuielewa bodi fuata njia ya mawimbi kuanzia pale waya unapoingia.

Kabla ya yote chomoa umeme. Kwenye umeme wa volti 230 ile kapasita kubwa ya pawa saplai inajaa hadi karibu volti 325 na inaweza kubaki na chaji hata ukishachomoa, ipime kwa mita, usikisie.

Haya, kiboksi cha bati kilichoshikana na soketi ya kebo ndio tyuna, baada yake demodyuleta (inayogeuza mawimbi kuwa data), halafu chipu inayochambua data. Kama boksi ni la MPEG-2 (mfumo wa kubana picha za dijitali), data inapita kwa vipaketi vya baiti 188 na kila kimoja kinaanza na 0x47 (yaani 47 ya heksadesimali), so ukiwa na lojiki analaiza (kifaa cha kusoma data kwenye pini) ukaona 47 inajirudia kila baiti 188 (au 204, kama zile 16 za kurekebisha makosa hazijaondolewa bado) ujue umefika penyewe.

Sasa tafuta kristali iliyoandikwa 27.000. Saa ya MPEG-2 ni megahezi 27, kwa hiyo chipu kubwa iliyo jirani nayo, hasa kama ina ram yake pembeni, mara nyingi ndio dikoda, ile chipu inayofungua picha. Hiyo ram ihesabu vizuri manake hapa ndipo utamu ulipo. Fremu (picha moja nzima) ya PAL, mfumo wa TV wa huku kwetu, ni pikseli 720 kwa 576, kila pikseli inakula baiti moja na nusu, jumla 622,080. Dikoda inahitaji fremu mbili za kurejelea na moja inayoonyeshwa, hiyo ni 1,866,240, ongeza bafa (sehemu ya kusubiria) ya data ambayo kiwango cha MPEG-2 kinataka iwe baiti 229,376, unafika 2,095,616. Na megabaiti 2 kamili ni 2,097,152! Yaani zinabaki baiti 1,536 tu, hata menyu ya maana haienei hapo, ndio maana watengeneza chipu walitafuta ujanja wa kutoihifadhi nzima fremu ya B (ile inayotengenezwa kutokana na zile mbili za kurejelea). Mimi hesabu hii naipenda kuliko megahezi yoyote, inakuonyesha ram ilivyokuwa ghali na jinsi watu walivyobana.

Ukishaijua dikoda, prosesa kuu inakuwa rahisi, soma namba mgongoni. Boksi la majaribio la Apple lina Motorola 68LC040 ya megahezi 25, hiyo LC maana yake haina sehemu ya hesabu za desimali. Yale ya Acorn, kampuni ya kompyuta ya Uingereza, yaliyojaribiwa Cambridge yana prosesa ya ARM, na ukikuta ARM7500 usihangaike kutafuta chipu ya grafiki, video, sauti na kontrola ya memori vyote vimo humo ndani. Time Warner, kampuni ya kebo ya Marekani, walipozindua majaribio yao mjini Orlando Desemba 1994 walitumia prosesa ya MIPS, na menyu yao ilikuwa ya 3D. WebTV ya 1996 nayo ni MIPS, R4640 ya megahezi 112, ila ile ililetwa kwa ajili ya intaneti kupitia simu. Na kama huoni prosesa popote angalia kama dikoda imeandikwa STi5500, humo ndani kuna prosesa ya ST20, mjukuu wa transputer, prosesa za kampuni ya Inmos, kwa hiyo unayoitafuta unaitazama tayari.

Ukiona chipu yenye stika juu usiibandue, inaweza kuwa EPROM (chipu ya kuhifadhi programu) yenye kidirisha na mwanga wa UV unafuta programu, na nakala nyingine unaweza usiipate tena duniani. Isome kwanza, uhifadhi faili, ndio uendelee na mengine.

Mwisho tafuta pini tatu nne zilizokaa mstari bila soketi, mara nyingi ni siriali, njia ya boksi kutuma maandishi kwa kompyuta. Boksi likiwa limezimwa tafuta graundi kwa mita, kisha liwashe (mikono mbali na pawa saplai) upime zilizobaki. TX (pini ya kutuma) ikiwa haitumi kitu inakaa kwenye volti ya juu, na ukisoma volti 5 usichomeke adapta ya siriali ya kompyuta ya volti 3.3 moja kwa moja, inaweza kuungua, weka kibadilisha volti katikati. Anza na spidi ya 9600 (biti kwa sekunde), yakija maandishi ya ovyo jaribu 19200, 38400, hadi 115200.