Somo: Kutafuta jiokashi kwenye njia iliyoachwa

Wakuu, jiokashi ni kopo lililofichwa na mchezaji mmoja ili wengine walitafute kwa GPS, wakifuata kodineti zake (namba za mahali lilipo). Somo hili ni la wale waliokwisha kuokota makopo ya karibu na barabara, sasa wanataka yaliyofichwa porini ambako njia haifyekwi tena. Kulipata kopo huko si kazi kubwa. Kazi ni kurudi kabla ya giza.

Hatua ya 1: Soma maelezo ukiwa nyumbani. Kila jiokashi ina alama mbili, 1 hadi 5: ugumu wa kutafuta na ugumu wa ardhi. Porini angalia ya pili kwanza. Ardhi ikiwa 5, jiandae kwa kamba ya kupandia au mtumbwi. Soma na ripoti za waliotangulia.

Hatua ya 2: Pakua ramani yenye mistari ya mwinuko, ifunguke bila intaneti. Mshale wa programu ya jiokashi kwenye simu hupima mstari mnyoofu tu. Katikati ya mita 400 zilizobaki panaweza kuwa na korongo. Waliochonga njia ile hawakuizungusha kwa kupenda.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya muda. Kanuni ya Naismith ya 1892 hutoa saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni njia safi. Penye vichaka mimi huzidisha mara mbili. Panga saa ya kugeuka, mwachie mtu taarifa, na saa ikifika geuka, hata kama mshale unasema mita 50.

Hatua ya 4: Weka alama ulipoanzia na kila njia panda. Geuka utazame nyuma mara kwa mara, maana njia ya kurudi ina sura yake. Gogo lililokatwa kwa msumeno ni dalili ya njia ya watu. Kijia kinachopenya chini ya matawi ya usawa wa kiuno huenda ni cha wanyama. Ukipotea, rudi mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo.

Hatua ya 5: Ukibakiza mita 10, simu mfukoni. Chini ya miti mikubwa na kando ya miamba, mawimbi ya setilaiti hugonga na kurudi, namba zikacheza ovyo. Tafuta kwa macho: vijiti vilivyolala sambamba mno, jiwe lililokaa kama kifuniko. Tundu usiloliona ndani, tanguliza fimbo.

Hatua ya 6: Saini karatasi ya majina iliyomo ndani ya kopo kwa penseli (wino hugoma kwenye karatasi yenye unyevu), rudisha kopo kama ulivyolikuta.

MASWALI

Mkuu, simu inatosha?
Inatosha. GPS haihitaji mtandao. Kinachomaliza betri ni simu kuhangaika kutafuta mnara. Weka hali ya ndege, beba pawabenki.

Mbona kodineti zinanipeleka kusiko?
Umezisoma kama digrii, dakika na sekunde. Za jiokashi ni digrii na dakika zenye desimali. Ukikosea tarakimu ya mwisho ya latitudo, ni kama mita 2 tu. Ukikosea ya makumi ya dakika, ni zaidi ya kilomita 18.

Kopo nikilikosa, naweza kuacha jipya?
Hapana, mpaka aliyelificha akuruhusu. La zamani huenda bado lipo, na atakayefuata atakuta mawili. Ripoti tu kwamba umelikosa.