Jinsi ya kufundisha mageuzi ya binadamu sekondari bila kukwama kwenye "mbona nyani bado wapo?"

Wiki iliyopita nilikaa jioni tatu mfululizo na mwalimu mwenzangu kijana, ndo anaingia darasani na hii mada mara ya kwanza, na kila nikimweleza kitu ananiambia mwalimu, hii iandike mahali. Basi naandika. Hii ni kwa wanafunzi wa miaka 15 hadi 18 hivi, hesabu vipindi sita, na mambo ya andalio la somo na kupanga makundi unayajua so sitayagusa.

Hatua ya 1: Kusanya maswali kwanza

Gawa vikaratasi, kila mmoja aandike swali au pingamizi lake, bila jina. Weka kwenye bahasha. Usijibu hata moja.

Hatua ya 2: Safisha maneno

Walimu wengi wanairuka hii na ndo wanapoumia. Kuna maneno ya Kiswahili ambayo yakiingia hivi hivi yatakuvuruga hadi kipindi cha mwisho.

Nyani. Nyani ana mkia, na ukoo wake na wetu uliachana zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita, hakuna mwanasayansi anayesema mtu alitokana na yule. Ndugu yetu wa karibu ni sokwe (hapa nasema sokwe mtu, chimpanzee), na hata sokwe wa leo si babu yetu, ni binamu. Hilo neno binamu lishike sana. Wewe na binamu yako mna babu mmoja, yeye hakukuzaa, na wewe kuwepo hakumfanyi yeye asiwepo. Babu wa pamoja wetu na sokwe aliishi kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita na hakuwa sokwe wa leo wala mtu wa leo. Ukilisema hili mapema, lile swali la mbona nyani bado wapo wanaanza kulijibu wenyewe kwa wenyewe.

Kubadilika. "Nyani alibadilika akawa mtu", mwanafunzi akisikia hivyo anaona mnyama mmoja amelala nyani akaamka mtu. Mimi darasani kwangu kitenzi hicho hakitumiki kwa mnyama mmoja, kinachobadilika ni kundi, kizazi hadi kizazi, kwa sababu wenye sifa fulani wanaacha watoto wengi kuliko wenzao. Na kadogo zaidi lakini kana madhara makubwa ni hako kaneno "ili". "Walisimama kwa miguu miwili ili waone mbali." Hapana, hakuna aliyepanga. Kila mwanafunzi akiandika "ili" mrudishie aandike upya bila hiyo neno, utaona anavyolazimika kufikiria.

Nadharia. Sisi tumezoea kusema nadharia na vitendo, kwa hiyo nadharia inasikika kama maneno ambayo bado hayajafanyiwa kazi. Waambie kwamba kwenye sayansi ni maelezo yaliyojaribiwa na yakasimama, kama ile ya vijidudu kusababisha magonjwa.

Na binadamu. Lenyewe ni bin Adamu, mwana wa Adamu, mtoto anaingia darasani na jibu limeshakaa ndani ya neno. Silikwepi, nalifungua mbele yao wazi kabisa, halafu wale wa kale nawaita zamadamu na tunaendelea.

Hatua ya 3: Mafuvu (hapa soma taratibu)

Nianze na msimamo wangu: mada hii usianze na vidio. Vidio nyingi zinaonyesha kiumbe kimoja kinayeyuka kinageuka kingine, yaani lile lile tulilotoka kulifuta hatua ya 2, na ile picha ya foleni ya viumbe wanaotembea mmoja nyuma ya mwingine nayo iache kabisa. Wape mafuvu wapime. Kama shule ina mifano ya plasta shukuru, kama haina picha za karatasi zinatosha na mimi nimetumia karatasi miaka yote.

Sasa kilichonila siku mbili nzima. Mara ya kwanza nilidaunlodi picha sita kutoka mitandaoni, nikaprinti, nikawapa rula wapime urefu wa kichwa. Kundi la nyuma likanyoosha mkono: mwalimu, mbona sokwe ana kichwa kikubwa kuliko huyu zamadamu, Homo erectus? Na kweli kwenye karatasi ilikua hivyo. Kipindi kikaisha sina jibu. Usiku nikarudia kupima mwenyewe, nikaprinti tena, nikapata namba tofauti na za mchana, nikazidi kuchanganyikiwa. Matatizo yalikua manne yamepandana, nayaweka hapa usiyapitie:

Moja, kila picha ina kipimo chake. Mpiga picha mmoja kasogea karibu, mwingine mbali. Chukua tu picha yenye ule mstari mdogo wa sentimita pembeni, isiyo nao tupa hata kama ni nzuri vipi, halafu vuta au punguza kila picha mpaka mistari yote iwe na urefu sawa.

Mbili, printa. Ina ile seti ya kujaza ukurasa, ambayo inavuta picha kimya kimya baada ya wewe kuhangaika kuzilinganisha. Weka asilimia 100. Ndo maana namba zangu za usiku zilitofautiana na za mchana, seti ilikua tofauti.

Tatu, umri wa mwenye fuvu. Yule mtoto wa Taung, fuvu la zamadamu lililopatikana Afrika Kusini 1924, ni maarufu na picha zake ni nyingi, lakini ni mtoto, na sokwe mtoto pia ana uso mfupi na kichwa cha duara unaokaribia wa mtu. Ukimweka pamoja na watu wazima umeharibu zoezi. Kijana wa Turkana, mifupa ya zamadamu wa Kenya ambayo Kamoya Kimeu aliiona 1984, naye hakua mtu mzima. Na Lucy, zamadamu maarufu wa Ethiopia, usimtafute kwa ajili ya fuvu, mifupa yake ni kama asilimia 40 ya mwili lakini ya kichwa ni vipande vichache tu. Mimi natumia manne haya: sokwe mzima, Sts 5 (hiyo ni namba ya fuvu, spishi ni Australopithecus africanus) wa Sterkfontein, Afrika Kusini, aliyepatikana 1947, KNM-ER 3733 (nayo namba ya fuvu, la Homo erectus) wa Koobi Fora, Kenya, ambaye Bernard Ngeneo alimwona 1975, na mtu wa leo. Majina ya waliookota yataje, Kimeu na Ngeneo walikua na macho ya ajabu na vitabu vingi vinawapita haraka.

Nne, na hii ndo iliyoniokoa: acha kupima sentimita, pima uwiano. Chukua picha za chini ya fuvu, kuna lile tundu kubwa ambapo uti wa mgongo unaingia. Pima kutoka kisogoni mpaka katikati ya tundu, gawanya kwa urefu wote wa fuvu. Uwiano hauangalii picha ni kubwa au ndogo, ukivuta picha mara mbili namba zote mbili zinavutika sawa na jibu linabaki lile lile, so hata ukiteleza kwenye tatizo la kwanza na la pili bado umepona. Hapo tumia sokwe, Sts 5 na mtu wa leo. Kwa sokwe tundu limerudi nyuma, kwa mtu liko karibu na katikati maana kichwa kimekaa juu ya uti wa mgongo, na Sts 5 anaangukia kati yao. Usiwaambie. Waache wapate namba, waulize huyu wa katikati alitembeaje.

Ukubwa wa ubongo wape kwenye jedwali, picha ya karatasi haipimi ujazo: sokwe kama sentimita za ujazo 400, Sts 5 kama 485, 3733 kama 850, sisi wastani kama 1,350.

Hatua ya 4: Miguu au ubongo, kipi kilitangulia?

Kabla ya kuwajibu wapige kura kwa mikono. Wengi watasema ubongo. Usiwacheke, wanasayansi wakubwa walidhani hivyo hivyo, na ndo sababu moja fuvu bandia la Piltdown, kichwa cha mtu na taya la orangutani, lilikubalika Uingereza kuanzia 1912 na halikufichuliwa hadi 1953, huku mtoto wa Taung mwenye ubongo mdogo akikataliwa na wengi.

Kisha leta nyayo za Laetoli, Tanzania. Timu ya mtafiti Mary Leakey ilizifukua 1978, zimeachwa kwenye majivu ya volkano miaka kama milioni 3.66 iliyopita, na kidole gumba kimelala sambamba na vingine, hakijachanuka kama cha sokwe. Mwanafunzi mmoja akanyage maji halafu karatasi, walinganishe. Zana za mawe za zamani kabisa tunazozijua, za Lomekwi upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, ni za miaka milioni 3.3. Ubongo mkubwa kama wa 3733 ulikuja baadaye zaidi, yaani miguu ilitangulia sana.

Hatua ya 5: Kamba

Kamba ya mita 7, kila mita ni miaka milioni. Laetoli mita 3.66 kutoka mwisho, Lucy 3.2, mafuvu ya Jebel Irhoud, Morocco, ya spishi yetu wenyewe, sentimita 30. Kilimo ni kama milimita 12, kinafunikwa na kidole.

Kila spishi iwe ukanda wa karatasi wenye urefu, isiwe nukta. Ukiweka nukta wanaunganisha wanapata ngazi, ukiweka kanda wanaona spishi tatu za zamadamu, Paranthropus boisei, Homo habilis na Homo erectus, zilivyoishi Afrika Mashariki kwa wakati mmoja. Hapo neno mti linaeleweka.

Hatua ya 6: DNA

Sokwe ana kromosomu (vile vifurushi vya DNA ndani ya seli) 48, sisi 46. Waulize jozi moja ilienda wapi. Chukua karatasi mbili, paka rangi nyekundu kwenye ncha zote, rangi ya bluu kidogo katikati ya kila moja, gundisha ncha kwa ncha. Sasa una nyekundu mahali isipotakiwa, yaani katikati, na bluu mbili badala ya moja. Kromosomu yetu namba 2 iko hivyo hivyo: ina mabaki ya ncha ndani yake na mabaki ya sentromia (ile bluu yetu) ya pili. Kipindi kimoja, usikirefushe.

Hatua ya 7: Selimundu

Mfano wa uchaguzi wa asili, yaani lile la hatua ya 2 la wenye sifa fulani kuacha watoto wengi, kwa watu wa leo. Mwenye jeni moja ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, analindwa dhidi ya malaria kali, mwenye mbili anaugua. Mtafiti Anthony Allison alilionyesha hili 1954 kwa utafiti wa Afrika Mashariki. Angalia tu, huenda darasani kuna mgonjwa, ongea kwa staha na usiulize nani ana nini.

Hatua ya 8: Imani

Usiweke mdahalo wa dini na sayansi. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa lililofanya hivyo, watoto walitetea familia zao, hakuna aliyegusa fuvu tena. Mimi nasema sentensi moja: sikuulizi unaamini nini, nakuomba uweze kueleza ushahidi huu na namna ulivyopatikana. Akitaka kuandika "wanasayansi wanasema" kwenye jibu lake, namwachia. Na anayekejeli imani ya mwenzake namnyamazisha haraka kama ninavyomnyamazisha anayekejeli somo.

Hatua ya 9: Fungua bahasha

Kipindi cha mwisho mwaga vikaratasi mezani, kila kundi lichukue vitano, lijibu kwa kutumia kitu walichopima au kukiona kwenye kamba, siyo kwa kusema mwalimu alisema. Hii ndo inanipa alama za mada, mtihani wa kuchagua jibu siutumii hapa. Yatakayobaki bila jibu bandika ukutani na uyaache huko mpaka mwisho wa muhula, kuna mtu atakuja na jibu.