Krosimemba ya giaboksi: iache giaboksi ichague mahali pake

Mwezi uliopita nililetewa hapa Ngamiani lori la tani tatu, la kubebea machungwa ya Muheza. Mwenyewe alikuwa amebadilisha giaboksi, na hii mpya ilizidi ya kwanza kwa inchi nne. Fundi aliyemfungia aliivuta kwa jeki na mtaimbo mpaka ikafika kwenye krosimemba ya zamani, kile chuma kinachokatiza chesisi na kubeba mkia wa giaboksi, akakaza nati, akapokea hela yake. Haikupita wiki mbili mauntingi, ile raba inayokaa kati ya giaboksi na krosimemba, ikachanika. "Mwanangu," mzee akaniambia, "likifika sitini linatetemeka hadi usukani unanitoka mikononi."

Nilipolala chini nikaiona ile raba: nusu imebaki juu, nusu chini, na katikati inang'aa kwa kusagana. Mauntingi iliyovutwa upande haidumu hata ukinunua ya bei mbaya. Ndiyo maana nasema giaboksi ikae kwanza pake, kisha krosimemba iifuate.

Egesha gari sehemu tambarare, likanyage kwa tairi zake, maana ukiliinua ekseli ikaning'inia vipimo vyote vitadanganya. Kama lazima uinue, weka stendi nne imara, za nyuma ziwe chini ya ekseli. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Zuia tairi zisiviringike, chomoa waya hasi wa betri.

Sasa chukua nyundo ndogo na brashi ya waya. Sisi wa Tanga tunaishi na chumvi, na chesisi inaweza kuwa nzima kwa nje huku ndani inaliwa. Gonga ubavu wa chesisi taratibu, ukiwa umetega sikio. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na vipande vya kutu vinakudondokea usoni, kwa hiyo vaa miwani. Ukikuta pameoza usifunge kitu hapo. Chesisi itengenezwe kwanza.

Ishike giaboksi kwa jeki, na kati yao weka kipande cha ubao kipana ili usipasue boksi. Hapa ndipo usifanye haraka. Pima mwinamo wa flanji ya giaboksi, ile sahani inayofungwa propela (shafti ya kupeleka mzunguko nyuma), kisha wa flanji ya difu, kwenye ekseli ya nyuma. Levo ya digrii inafaa, na ile ya kwenye simu pia, mradi uiweke kwenye uso uliosafishwa. Flanji hizo mbili zinatakiwa zielekeane sambamba, tofauti yao isizidi digrii 1. Propela yenyewe ikutane na kila flanji kwa pembe ya digrii 1 hadi 3. Wapo wanaodhani ikinyooka kabisa ndiyo bora, lakini krosi (kiungo kinachopinda mwishoni mwa propela) ikikosa pembe yoyote vile visindano vya beringi havizunguki, vinachimba sehemu moja tu. Lori la mzee lina chesisi fupi na propela moja. Penye propela mbili na senta beringi, pima kila krosi.

Kila unapopandisha au kushusha mkia wa giaboksi, nenda mbele ukaangalie feni isije ikagusa rejeta. Usilazimishe pia giaboksi ikae katikati ya chesisi. Injini nyingine zimekaa pembeni kidogo tangu kiwandani, fuata mstari wa injini.

Ikishatulia, kata boksi la katoni liwe kielelezo cha bamba la pembeni, lile linalofunga krosimemba kwenye chesisi, ulijaribu kabla ya kugusa chuma. Mimi natumia bamba la milimita 6. Hakikisha krosimemba inapisha ekzosi, paipu za breki na kebo ya hendibreki, na kwamba propela ina nafasi ya kucheza juu na chini.

Matundu toboa kwenye ubavu wa chesisi tu. Midomo ya juu na ya chini iache kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo inayobeba mvutano gari linapopinda na mzigo, na tundu hapo ni mwanzo wa ufa. Kuchomelea nako sikubali: moto unabadilisha chuma cha chesisi, nacho hupasuka kando ya mshono. Anza na drili ya milimita 5, malizia na ya 13 kwa bolti za M12 (unene wa milimita 12), ukidondoshea oili. Paka redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, ndani ya kila tundu, pakauke.

Bolti ziwe na alama ya uimara ya 8.8 au 10.9 kichwani. Zile laini za kufungia mageti hapana. Ingiza zote kwa mkono, zikiwa legevu, na mauntingi pia. Shusha jeki polepole uzito ukae. Raba ikilala sawa bila kujikunja, kaza bolti za chesisi, kisha za mauntingi mwisho. M12 ya 8.8 inataka kukazwa kwa kama Nm 80 (nyutoni-mita). Bolti ikikataa kuingia kwa vidole, usiipige nyundo. Tanua tundu la bamba kidogo, kwa sababu inakuonyesha umekosea kipimo.

Giaboksi ikirefuka, propela lazima ikatwe na kubalansiwa kwa fundi wa kerezo. Ile sehemu ya propela inayoteleza kuingia kwenye giaboksi ibakiwe na kama milimita 25 kabla ya kugota ndani.

Tulilijaribu hadi Pongwe na kurudi, likiwa tupu, kisha mzee akaenda nalo Muheza. Baada ya safari tatu za mzigo nilimwita, nikaweka spana tena. Bolti mbili za kushoto zilikubali robo mzunguko, za kulia hazikusogea, na raba ilikuwa imelala palepale nilipoiacha.