Kulala fofofo chini ya bati la Mbagala
Chumba changu Mbagala kina bati bila dari, na joto lake la Februari halina adabu. Miaka mingi nilidhani dawa ni kukesha hadi nichoke. Wapi!

Anza na hewa. Mchana funga pazia upande wa jua; likishazama, fungua madirisha yote. Feni iweke chini karibu na dirisha ivute hewa ya nje, maana ukiielekeza juu kwenye bati inakurudishia joto tu. Chandarua kichomekwe chini ya godoro mapema, mbu hawajaamka. Saa moja hivi kabla ya kulala, oga maji ya uvuguvugu, si ya baridi kali: damu inakuja kwenye ngozi, joto linatoka, mwili unapoa na usingizi unakuja wenyewe.

Kahawa ya kijiweni ndiyo iliyoniuma kuiacha. Hata baada ya masaa matano, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini, kwa hiyo kikombe changu cha mwisho ni saa nane mchana. Simu naichaji juu ya kabati, mbali na mkono. Na amka wakati uleule kila siku, hata Jumapili. Wiki ya kwanza utanichukia.