Maji ya Kunywa Mikahawani Ugenini: Uliza Kabla Chupa Haijafunguliwa

Kwetu Unguja na Pemba mgeni hupewa maji kabla hajaulizwa kilichomleta, na aliyelelewa hivyo huona haya kumuuliza mtu bei ya maji. Haya hiyo ni njema nyumbani, lakini ugenini humtia msafiri gharama asiyoitarajia, hasa akiwa amefuatana na watoto au anasafiri na mgonjwa.

Mimi na ndugu yangu tuliingia mkahawa mmoja mjini Roma. Mhudumu alileta chupa kubwa ya kioo, akaishika shingo na kukizungusha kifuniko mpaka kikalia, nasi tukanyamaza tukidhani ni ukarimu. Bili ilipokuja tulikuta mistari miwili tusiyoiagiza: maji, na “coperto”, yaani ada ya kukaa mezani ambayo Italia huhesabiwa kwa kila kichwa. Tulipoirudia menyu tuliiona ada hiyo imeandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Kwa hiyo isome menyu mpaka mwisho kabla ya kuagiza, na mhudumu akija na chupa, mzuie kwa upole na umuulize bei wakati kifuniko bado kimefungwa, kwa sababu ikishafunguliwa ni yako. Ukitaka maji ya mfereji, yataje hivyo hivyo. Ukisema “maji” peke yake, nchi nyingi za Ulaya utaletewa ya chupa, na Ujerumani aghalabu yatakuwa ya gesi, ambayo wengi wetu hatuyawezi pamoja na chakula. Huko omba yasiyo na gesi, na ujue kwamba mkahawa haulazimiki kukupa ya mfereji bure.

Ufaransa mambo ni mepesi zaidi kwa anayejua la kusema. Amri ya mwaka 1967 iliyaweka maji ya kawaida na mkate ndani ya bei ya mlo, na tangu mwaka 2022 mikahawa inatakiwa iandike wazi kwamba mteja anaweza kuomba maji ya kunywa bila malipo. Maneno ya kushika ni “une carafe d’eau”, nawe utaletewa jagi la maji ya mfereji. Hispania nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2022.

Uingereza kuna jambo ambalo Muislamu anafaa alielewe vyema. Wajibu wa kutoa maji ya mfereji bure kwa mteja anayeomba umefungwa kwenye leseni ya kuuza pombe, kwa hiyo mkahawa wa halali usiouza pombe haubanwi na sharti hilo. Mingi hutoa kwa hiari, ila hapo unaomba hisani, basi omba kwa lugha ya kuomba hisani.

Marekani maji yenye barafu huletwa bure mara tu unapokaa, lakini bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 ni desturi ambayo mhudumu huitegemea kwa riziki yake, na kuondoka bila ya kuiacha huhesabiwa ni kumdhulumu. Japani ni kinyume: maji au chai ni bure, na bakshishi haitolewi.

India, ambako watu wetu wengi huenda kutibiwa, mhudumu atakuuliza kama unataka maji ya kawaida au ya chupa. Ya kawaida ni bure. Hata hivyo, kwa mgonjwa na anayemuuguza ningeshauri walipie chupa bila kusita, kwani tumbo likichafuka hospitali inaweza kuahirisha upasuaji, na hasara hiyo haifanani na bei ya maji. Ikague chupa mwenyewe: pete ya kifuniko iwe haijakatika, na bei ya juu kabisa inayoruhusiwa dukani huwa imechapwa kwenye karatasi yake.

Njiani, chukua chupa tupu. Viwanja vingi vya ndege bado havimruhusu abiria kupita kwenye ukaguzi na maji yanayozidi mililita 100, lakini chupa tupu hupita, nawe utaijaza kwenye mfereji wa maji ya kunywa ulio ndani. Na mezani, ukiwekewa chupa usiyoihitaji, iache imefungwa mahali inapoonekana mpaka ulipe, ili ikiandikwa kwenye bili uweze kumwonyesha mhudumu kifuniko chake.